Mazishi ya Benita

Mayasa alikuwa na kawaida ya kuwaambia wateja wake wa chapati pale Marshalltown kwamba yeye ndiye mwanamke pekee Johannesburg nzima aliyeolewa uke wenza na chuma. Wateja wakicheka, aliwaongezea kuwa mwenzake huyo kwa kweli hana makuu: hali, haombi nguo, wala hana ndugu wa kuja kulala sebuleni. Ila kila Jumamosi mume anaoga, anajipulizia manukato, na kwenda kumtazama anavyoshika kutu.

Mume mwenyewe ni Bakiri, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye karakana uani mwa nyumba waliyopanga La Rochelle. Mzaramo wa Gerezani, Dar es Salaam, mwenye tumbo la heshima na mikono isiyotulia. Na mke mwenza ni Benita, injini ndogo ya mvuke iliyovuta mabehewa ya makaa ya mawe tangu zamani, mpaka mgodi wake ukafungwa. Jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi za shaba. Wenye mgodi ndio waliompa, na huyo Benita wa kwanza alikuwa nani, mke, binti au hawara, waliondoka nalo wenyewe.

Bakiri aliingia katika mambo haya kwa sababu ya geti. Kuna chama kimoja Randburg, cha wazee wasiotaka reli za migodini na injini zake zipotee, kilichomwita achomelee geti la banda lao. Ndani ya banda alikuta kipande cha reli, mabehewa ya makaa yaliyopakwa rangi upya, birika la chai, na viti vya kutosha. Injini haikuwapo. Mwenyekiti, mzee Roelof, mwalimu mstaafu mwenye ndevu nyeupe, alimweleza kwa fahari kuwa wamekuwa wakitafuta injini tangu chama kianze, na katika kila kikao hiyo ndiyo ajenda ya kwanza. Bakiri alimaliza geti, akakaribishwa chai, akakaa. Mwezi haukuisha akawa mwanachama, na sasa alikuwa akipinga na kuunga mkono hoja pamoja na wenzake.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na yeye hakusema. Mayasa peke yake ndiye aliyejua. Baba yake Bakiri alikuwa msafishaji wa injini kwenye karakana ya reli kule Gerezani. Kazi yake ilikuwa kuingia ndani ya tanuri likishapoa, kukwangua masizi na kuzoa majivu. Jioni alirudi mweusi tii, meno tu yakionekana, na Bakiri mdogo alimrukia hivyo hivyo kabla hajaoga. Injini za mvuke zilipostaafishwa na kukatwa vipande vipande, mzee alibaki barazani akisimulia habari zake kwa watu wenye haraka. Alipofariki, Bakiri alikuwa huku Johannesburg, karatasi zake za ukaazi hazijakamilika, na kama angetoka asingeweza kurudi. Hakumzika baba yake. Jambo hilo lilimkaa kooni na halikuwahi kushuka.

Aliyemtoa kitandani siku zile ni Selemani. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hilo halihitaji kufafanuliwa. Selemani aliingia chumbani bila hodi, akajilaza kwenye godoro la mfiwa, akatangaza kuwa haondoki mpaka apewe haki yake ya mtani, na kwamba marehemu alikuwa mzee mzuri, kosa lake moja ni kuzaa mtoto mvivu. Wapangaji wengine walidhani ana wazimu. Bakiri, aliyekuwa hajala wala hajalia, akacheka, kicheko kikageuka kilio, na baada ya kilio akaweza kula. Haki aliyoichukua Selemani ilikuwa kofia ya reli ya marehemu, ambayo Bakiri alikuja nayo kutoka nyumbani. Anaivaa kazini mpaka leo. Hajaombwa airudishe, maana anachochukua mtani hakidaiwi.

Siku hizo Selemani alikuwa anasukuma mkokoteni wa vyuma chakavu barabarani. Sasa ana yadi yake kusini mwa jiji, ana winchi, ana lori refu, na ana Gaston, Mkongomani wa Lubumbashi, anayekata chuma kwa gesi kwa ustadi wa mtu anayekata keki. Mgodi wa makaa ulipofungwa, Selemani ndiye aliyenunua vyuma vyake vyote kwa mkupuo. Hivyo ndivyo Benita alivyofika yadini, na hivyo ndivyo Chama cha Randburg kilivyoipata injini kiliyoitafuta miaka yote, mikononi mwa mtu wa kuikata.

Mzee Roelof alimwandikia Selemani kuomba injini ile, kwa adabu nyingi hata Selemani hakuelewa kama anaombwa kitu au anashukuriwa. Bakiri yeye alidhani atatumia ukaribu. Hapo ndipo alipogundua shida yake. Yeye na Selemani walikuwa wametaniana kwa muda mrefu mno, mpaka lugha nyingine ikawapotea. Selemani akigongwa gari kwenye robot, yaani taa za barabarani, Bakiri humpigia simu kuuliza kama gari ni zima, mtu baadaye. Bakiri akiugua, Selemani humpelekea sururu na kumuuliza anapenda kuchimbiwa upande gani. Jambo la kweli kati yao lilikuwa halina pa kupitia.

Jumatano Selemani alimpigia Bakiri simu, akamwita shemeji, akamwambia aje ampe Benita talaka. Jumatatu, alisema, lori la kiwanda cha kuyeyushia linakuja, na asubuhi hiyo Gaston ataanza na Benita. Bakiri alifunga karakana, akaenda yadini, akasimama mbele ya mtani wake, akamwambia kwa sauti ya chini kuwa anamwomba kwa heshima zote asimkate. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Selemani alimtazama, akashika mbavu, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Alisema Wazaramo anawajua kwa maigizo, lakini hii ya machozi ni mpya, hongera. Bakiri akamwambia si utani. Selemani akacheka zaidi, kwani hakuna neno walilotumia zaidi ya hilo katika kutaniana kwao.

Bakiri alirudi nyumbani amenyong'onyea. Angeweza kumtajia Selemani habari za baba yake, lakini kila alipojaribu, neno lilirudi ndani. Mayasa alikuwa anakanda unga wa kesho. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumtania hata kidogo, na hilo peke yake lilimtisha Bakiri, kisha akasema, "Kama hasikii ila utani, mpelekee utani."

Bakiri alilala na neno hilo, akaamka nalo. Jumamosi hakwenda kumwangalia Benita wala hakwenda Randburg. Alikaa na simu tangu asubuhi, akawapigia Watanzania wote aliokuwa na namba zao, kuanzia La Rochelle hadi Marshalltown, kwa sauti ya msiba isiyokuwa na doa. Aliwaambia kuwa Selemani Mnyamwezi amefiwa na Benita, mazishi kesho baada ya adhuhuri, yadini kwake. Kisha alikata kabla ya maswali.

Alichosahau Bakiri, na ni kosa la mtu aliyezoea kumwita injini kwa jina la mwanamke, ni kwamba si kila mtu anajua Benita ni chuma. Simu ya kwanza ya pole ilipokelewa na Mwanaharusi, mke wa Selemani, akikaanga samaki. Mwanaharusi ni mtu wa Tanga, hajawahi kupandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Alishukuru kwa pole, akazima jiko, akaenda kumuuliza mumewe Benita ni nani. Selemani akasema ni injini ya treni. Mwanaharusi akasema vizuri, na injini hiyo watu wanaililia tangu lini. Kufikia jioni simu za pole zilikuwa zimejaa, mama mmoja wa Rosettenville ameshalia kwenye simu, na Selemani amekula samaki wake peke yake. Mwanaharusi alimwambia kwa upole kuwa kesho atakwenda kumwona marehemu kwa macho yake. Kwa hiyo Selemani, atake asitake, ilimbidi afungue yadi Jumapili na kukaa kwenye kiti cha mfiwa.

Watu walikuja. Wanawake walikuja na kanga zao, wanaume na stuli za plastiki. Mayasa alileta sufuria mbili za pilau, kwani utani au si utani, watu hula. Alikuwa ameweka masharti mapema: hakuna sala, hakuna sanda, wala dua, mambo ya dini yasichezewe, ni utani mtupu. Wazee wa Randburg walikuwa wameambiwa kuna mazishi ya Benita na wakaelewa hivyo hivyo. Walikuja na suti nyeusi na shada la maua, na mzee Roelof alikuwa na kitambaa mkononi na macho mekundu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaeleza kuwa wengine wanatania.

Mwanaharusi alimzunguka Benita taratibu. Alisoma jina, akagonga ubavu kwa vidole, akasikiliza mlio. Kisha akamwambia mumewe kuwa ni mtu mzima kuliko alivyohofia, akaenda kukaa na wanawake wenzake. Selemani alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana.

Hapo Bakiri akaanza kazi ya mtani. Alimwambia mfiwa kuwa pole hampi, kwa sababu Mnyamwezi hajui kufiwa, anajua kubeba. Alisema marehemu angekuwa hai mpaka leo kama asingeangukia kwa ukoo wa wapagazi, watu ambao wakiona kitu kizito wanauliza kinakwenda wapi. Akaigiza Selemani akisukuma mkokoteni, mgongo umepinda, ulimi nje, na watu wakaanguka kwa kicheko, Selemani wa kwanza. Gaston alikuwa amesimama kando na chupa zake za gesi. Hakuwa ameona kitu cha namna hii.

"Patron," alimwambia bosi wake Selemani, "kwetu muntu akitukana mwenye kilio, banamupiga. Weye unacheka?"

Selemani akamwambia asijali, huyo ni mtani, na mtani hapigwi.

Kwa desturi, mtani akitaka haki yake huingia kaburini kabla ya maiti, akakataa kutoka mpaka apewe. Kaburi halikuwapo. Bakiri alipanda kwenye chumba cha dereva, akafungua mlango wa tanuri, ule wa kutupia makaa, akatanguliza miguu. Baba yake aliingia kwenye tanuri kama hilo kila siku ya kazi. Ila baba yake alikuwa mwembamba, na Bakiri alikuwa ameoa muuza chapati. Alisukuma, akajikunja, akashusha pumzi, akapotea ndani, na watu wakapiga vigelegele. Kichwa chake kikatokeza tena mlangoni kutangaza kuwa hatoki.

Selemani, na kofia yake ya reli, alipanda kujadiliana naye. Alimwahidi kuku, kichwa kikakataa. Alimwahidi beberu. Alimwahidi ule mkokoteni alioanzia nao maisha, wenye historia. Mwisho akauliza anataka nini.

"Nataka maiti," akasema Bakiri.

Yadi nzima ilicheka. Selemani alisema hiyo haijapata kuonekana, mtani hupewa kitoweo, hapewi marehemu, na kwa vyovyote kesho lori linakuja. Amefurahi, watu wamefurahi, mke wake amemwona Benita na amani imerudi nyumbani. Sasa atoke wakale pilau.

Bakiri alimtazama na kuona kuwa imeshindikana. Utani ulikuwa umefika mwisho wake, kila mtu ameshiba kicheko, na kesho Benita atakatwa. Akakubali kutoka. Alitoa mikono, akatoa mabega, akafika tumboni, akakwama. Alirudi ndani, akajaribu upande wa pili, akakwama vizuri zaidi. Mikono sasa ilikuwa nje, tumbo limebanwa na mdomo wa tanuri, na miguu ndani haina pa kukanyaga ila wavu wa majivu unaoteleza. Habari zilipowafikia waliokuwa chini, Mayasa aliuliza kama mke mwenzake amekataa kumrudisha.

Walimvuta, akapiga kelele. Walimsukuma, ikawa hivyo hivyo. Mzee Roelof alishauri kiitishwe kikao. Gaston alipanda na mpira wake wa gesi, akakagua mlango, akapima kwa kidole.

"Patron, nikate kamulango tu," alisema. "Kadogo. Kesho tutakata yote."

Aliwasha moto, na mwali wa buluu ukatoka kwa mlio mkali. Bakiri alisema hapana. Selemani alimwambia aache maigizo, mchezo umekwisha. Bakiri alisema hapana tena, na safari hii alimshika Selemani mkono. Chumba cha dereva ni kidogo. Walikuwa uso kwa uso, kofia ya marehemu iko katikati yao, na Bakiri alisema kwa sauti ambayo waliokuwa chini hawakuisikia:

"Selemani, humu ndani mnanukia baba."

Selemani alifungua mdomo ili acheke, na kicheko hakikuja. Aliinama, akaingiza uso kwenye uwazi mdogo uliobaki juu ya mgongo wa Bakiri, akavuta hewa. Masizi ya zamani, majivu, mafuta yaliyoungua. Harufu hiyo aliijua. Ilikuwa kwenye bitana ya kofia aliyoivaa, na kwa miaka yote alidhani ni harufu ya kofia tu.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilikwambia. Ukakaa juu ya tairi."

Selemani alihisi aibu, na aliihisi kwa sababu alikuwa anampenda mtu huyu aliyebanwa mbele yake zaidi ya ndugu zake wengi wa Tabora, na hajawahi kupata siku ya kumwambia. Hata sasa hakumwambia. Aligeuka.

"Gaston," akasema, "zima moto."

Kisha akasimama mlangoni mwa chumba cha dereva, akavua kofia, akawatangazia waombolezaji kuwa mtani ameomba maiti na mtani hanyimwi. Ampeleke anakotaka. Ila wajue wote, mwenye maiti ndiye mwenye matanga, kwa hiyo msiba umehamia La Rochelle kwa Bakiri, na kesho na keshokutwa watu wakale huko. Wazee wa Randburg walitafsiriwa, na mzee Roelof akalia kwa sauti, akimshikisha Mwanaharusi shada la maua ambalo sasa halikuwa na kazi.

Bakiri alibaki kwenye tanuri akilia na yeye, akijifuta kwa mkono wenye masizi. Mayasa alipanda na mafuta yaliyobaki kwenye pilau, akampaka tumbo mumewe mbele za watu bila haraka, akilalamika kuwa mafuta yamepanda bei. Gaston akashika mkono mmoja, Selemani wa pili, wakavuta. Alitoka ghafla na kuwaangukia, bila shati, mweusi tii kuanzia kisogo hadi nyayo, meno tu yakionekana.

"Haya," Mayasa aliwaambia wa chini, "mwenzangu amejifungua. Dume."

Jumatatu lori la kiwandani lilipakia vyuma vingine na kuondoka. Matanga ya La Rochelle yalimgharimu Mayasa unga wa wiki nzima, na akatamka wazi kuwa yeye ndiye mfiwa pekee wa kweli katika jambo lote. Jumamosi iliyofuata winchi ilimnyanyua Benita na kumlaza juu ya lori refu, na wazee wa chama wakaja na kamba zao, ambazo hazikutumika. Kwao ilikuwa tabu ya namna nyingine: ajenda ya kwanza ilikuwa imeisha, na hakuna aliyejua kikao kijacho kitaanza na nini.

Selemani alipanda kwenye usukani mwenyewe. Dereva wake alipewa siku ya mapumziko. Bakiri alisogea dirishani, akashika mlango wa lori, akasafisha koo.

"Selemani," akasema, "asante."

Selemani alimtazama, akapiga usukani kwa kicheko. Mzaramo ameishiwa matusi, alisema, leo dunia inakwisha.

Bakiri alijaribu tena, akaona haipiti. Aliutazama mzigo nyuma, akaitazama kofia ya baba yake kichwani mwa mtani wake, ikiwa imekaa upande.

"Basi endesha polepole, mpagazi," akasema. "Umebeba mzazi wa mtu."

Selemani aliacha kucheka. Akaiweka kofia sawasawa, akaitikia kwa kichwa, akaondoa lori. Nyuma yake Mayasa na Bakiri walifuata kwenye bakkie, pikapu ya karakana, na wazee kwenye magari yao na taa zimewashwa mchana, na mpaka wanafika Randburg Selemani hakuzidisha mwendo wa jeneza.